Pale Kondo Alipoanguka

Ubao wa kwanza ulitoka kwenye robota la mitumba, Ilala,
umelala katikati ya makoti ya baridi,
na mama aliyelifungua akauliza
hii mbuzi ya nazi nani kaing'oa jino.
Tukaununua kwa bei ya mbuzi ya nazi.

Gurudumu moja halikuwa linazunguka.
Sikujua (ndilo jina lake, na alijua mengi)
akachomoa beringi kwenye feni ya shangazi yake.
Shangazi alilala na joto mwezi mzima
akiilaani TANESCO.

Tulikuwa watano, ubao mmoja,
na redio kaseti ya Kondo
iliyokula betri sita kama mgeni asiyejua kuaga.
Zamu tulizipima kwa wimbo:
ubeti wako, kiitikio changu.
Ndiyo maana zipo nyimbo nazijua ubeti wa tatu tu;
wa kwanza ulikuwa wa Tatu,
na wa pili nilikuwa nagombania zamu.

Dansi ilitufundisha kungoja.
Gitaa linazunguka, linazunguka,
mwimbaji analalamikia barua isiyojibiwa,
nawe unasukuma taratibu sakafuni,
ghala tupu la Keko, harufu ya magunia,
ukijua chemko linakuja.
Likija, magoti yanapata habari kabla ya masikio.

Taarab ilipenya kutoka uani kwa Mama Chande.
Hiyo ilitufundisha kuanguka:
unainuka, unajipangusa vumbi bila haraka,
unaitazama sakafu
mpaka ione aibu yenyewe.

Kisha nyimbo zikaacha kuimbwa, zikaanza kusemwa.
Tukavaa suruali zilizofagia barabara.
Bodi zikawa tatu, kaseti zikawa sidii,
na sidii zetu, za kuchoma Kariakoo, ziliruka.
Siku moja ikanasa kwenye neno moja,
njoo, njoo, njoo, njoo,
nami nikaenda:
magurudumu yote manne yakaiacha ardhi
kwa mara ya kwanza maishani mwangu,
na hakuna aliyeona,
wote walikuwa wameinamia redio wanaipiga makofi.

Sasa naona wadogo wa Mburahati
wakiteremka lami na spika ndogo kama chungwa,
singeli inawakimbiza kama inawadai.
Miguu yao siioni, naona vumbi tu.
Niliwauliza: mnayasikia kweli maneno?
Wakasema, anti,
maneno tutayasikia tukifika.

Lile ghala linauza vigae siku hizi.
Kondo yuko Muskati, anaendesha lori la maji.
Goti langu la kushoto linatabiri mvua.

Ila kaseti ninayo.
Upande B, wimbo wa nne:
Tatu alitaka kuusimamisha, gizani,
akabonyeza vitufe viwili kwa mpigo.
Mwimbaji anafika kwenye "ungenijua mpe—"
anakatika.
Sekunde kumi na moja.
Magurudumu kwenye maungio ya saruji, kata, kata, kata,
Sikujua anapiga kelele, "Nguzo! Nguzo we!"
kishindo,
kimya kirefu kiasi cha kuwaza utamwambiaje mama yake,
halafu kicheko, cha Kondo kwanza, halafu chetu sote,
halafu mwimbaji anarudi katikati ya neno lingine
kana kwamba alitoka kidogo kununua sigara.

Juzi nilikuwa saluni, Mwananyamala,
nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado.
Redio ikaupiga wimbo ule, mzima, umesafishwa,
gitaa linang'aa kama sufuria ya Idi.
Nikamwambia msusi, ngoja kidogo.
Nikashika mikono ya kiti.
Ukakaribia, ukakaribia,

na mwimbaji akapita palepale, wima,
akalimaliza neno lake,
kama vile hapajawahi kuwa na nguzo.